Manjano ya Mbonimpa

"Mtoto wako hakuugua," Costansia aliniambia kisimani. "Alipakwa."

Nilikuwa nimeinama najaza ndoo, Placida amelala mgongoni. Nikamuuliza alipakwa nini.

"Manjano. Mbonimpa si alikuja kumwona? Si alimpakata? Basi. Yule mtu macho yake yako vile tangu ujana, na manjano hayakai kwa mtu mmoja yakatulia. Yanatafuta pa kwenda."

Costansia ni jirani yangu, vibanja vyetu vya migomba vinapakana, na sitaki msomaji amwone mbaya. Nilipotoka hospitali ndiye aliyenipikia uji wa ulezi na kunifulia nepi. Ila neno likimfikia haliwezi kulala kwake. Na mwaka ule wa 1991 huku Karagwe tulikuwa tunazika sana. Ule ugonjwa ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba, na watu walikuwa wamejifunza kusomana miili: huyu amekonda, huyu anakohoa, huyu nywele zimelainika. Mtu mwenye macho ya manjano angeachwaje?

Ni kweli Mbonimpa alikuja kumwona mtoto. Kwetu mwanamke akijifungua jirani haji mikono mitupu, na yeye aliniletea omuramba, maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe, kwa kuwa tunaamini yanaleta maziwa. Alimpakata Placida karibu na mlango, akamwambia kwa Kinyambo kwamba amejua kuchagua, amefika duniani wakati wa ndizi nyingi. Kesho yake mtoto aliamka macho yamegeuka rangi. Kufika jioni rangi imeshuka mpaka tumboni, na hanyonyi, anasinzia tu. Mume wangu Polikarpi alitubeba kwa baiskeli hadi hospitali ya misheni. Walimweka chini ya taa maalumu, macho yamefungwa kitambaa, na mimi nikawa naamshwa kila mara nimnyonyeshe. Tulirudi nyumbani rangi yake imerudi, analia kwa nguvu mpaka majirani wakachoka kumpongeza.

Kwa hiyo aliyetaka kuifunga siku ya Mbonimpa na siku ya ugonjwa, kamba ilikuwepo.

Mbonimpa ni mtu wa Igurwa kama sisi. Baba yake alitoka upande wa Burundi kuja kuchuma kahawa za watu, akabaki. Jina lake la ubatizo ni Protase, lakini hakuna anayelitumia isipokuwa padre. Wakati ninaoueleza alikuwa amevuka hamsini, mwembamba, nyayo pana, mtu wa maneno machache na mizaha ya chinichini. Watu walimjua kwa rubisi yake, pombe ya ndizi. Ndizi za pombe zikishaiva shimoni alizimenya, akazipanga kwenye mtumbwi, lile gogo refu lililochongwa, akachanganya na nyasi, kisha akapanda na kukanyaga. Alianza kukanyaga jua halijapanda, mkono mmoja umeshika mti, magoti yanapanda na kushuka bila haraka, mpaka maji yatoke kwenye nyasi yakiwa safi. Halafu mtama uliokaangwa na kusagwa, majani ya mgomba juu, na kusubiri.

Alikuwa na mwiko aliorithi kwa baba yake. Tangu anapomenya ndizi ya kwanza mpaka pombe iive, hali kitu. Alisema mtu aliyeshiba hukanyaga kivivu, na rubisi inajua. Kwa hiyo siku pombe yake inaiva ndiyo siku macho yake yanakuwa manjano kuliko siku zote. Hilo sisi sote tulikuwa tumeliona. Hakuna hata mmoja aliyewaza njaa.

Na pombe ikiiva lazima mwenye nayo aionje. Ni desturi ya huku tangu zamani: hupokei kibuyu mpaka aliyekileta aingize mrija, avute, ameze mbele ya macho yako. Ndipo unajua hakuna sumu. Asiyeonja ana jambo. Sasa fikiria. Miaka yote Mbonimpa alituonjea na tukatulia. Maneno ya kisimani yalipoenea, kuonja kwake ndiko kukawa kunatisha. Tukaacha kuogopa kibuyu, tukaanza kuogopa mdomo unaotuhakikishia kibuyu ni salama.

Mara ya kwanza nililiona hilo kwa macho yangu ilikuwa kwenye shamba lake la maharage. Aliita majirani wamsaidie kulima, na kama kawaida aliandaa pombe. Watu walilima vizuri. Saa ya kupumzika akaonja, akaufuta mrija kwa kiganja, akamsogezea mume wa Costansia.

"Mimi nimeacha," yule bwana akasema.

"Umeacha lini?" Mbonimpa akamuuliza. "Juzi uliimba mpaka mbuzi wangu wakakata kamba."

"Basi ndiyo juzi hiyo niliyoacha."

Aliyefuata alikuwa na tumbo. Wa baada yake alikuwa na dawa za hospitali. Mwingine akakumbuka ng'ombe wake hawajanyweshwa, akaondoka na jembe begani. Mbonimpa alimtazama kila mmoja, kisha akasema taratibu, "Leo Igurwa yote imeokoka. Paroko akisikia atafurahi."

Wawili watatu walicheka wakiangalia chini. Kile kibuyu kilirudi nyumbani kimejaa, na mkewe, Mukantabana, alikimwagia migomba. Tangu siku hiyo Mbonimpa akiniona njiani nimebeba mtoto alikuwa anahamia upande wa pili, anaangalia kando, kama mtu aliyebeba moto.

Lakini lililomchoma zaidi lilitoka Kihanga.

Mwanawe wa pekee, Theoneste, alikuwa amechumbia huko kwa Ndyamukama, mtu wa ng'ombe na kahawa, baba wa Kemirembe. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Ilibaki siku ya kupeleka pombe. Siku hiyo baba wa kijana anaonja mbele ya wote, baba wa binti anapokea mrija uleule, na akishavuta, basi, undugu umeshikana, linalobaki ni kanisa. Asipovuta, kila upande unabeba chake. Mshenga akarudi kutoka Kihanga na ujumbe: Ndyamukama amesikia habari za macho. Hakatai ndoa. Ila pombe aionje mtu mwingine, baba mdogo au yeyote.

Nilikuwa pale, nimekwenda kuazima kinu. Mukantabana aliacha kupepeta.

"Baba mdogo?" akamwambia mshenga. "Kwani huyu amekufa?"

Maana kwetu baba mdogo huonja pale ambapo baba yuko kaburini. Mshenga akakuna shingo. Theoneste alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na panga mkononi, anakata kitu ambacho hakikuhitaji kukatwa. Mbonimpa aliondoka akaenda kuupindua mtumbwi wake chini juu, kama wanavyoupindua wakati wa mvua, na mvua haikuwepo.

Siku hiyohiyo alikuja kwetu, akasimama katikati ya ua, mbali na mlango. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Placida. Mtoto anarudi lini kwa daktari?"

"Alhamisi."

"Naomba nifuatane nanyi. Nataka nisikie kwa mtu aliyesoma kama ni mimi niliyemfanya vile. Kama ni mimi, Theoneste atafute wa kumwonjea, na mimi nitakaa mbali na watoto wa watu. Wataonekana wamenizika mapema, lakini sawa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa ameanza kuyaamini maneno ya kisimani.

Alhamisi tulitembea hadi Omurushaka, tukapata lori la kahawa. Yeye alikaa nyuma kabisa juu ya magunia, mimi mbele na mtoto. Hospitalini daktari alikuwa Rwezaura, mtu wa Muleba, mrefu, anayependa kueleza mambo. Wengi wa koti jeupe hukuambia meza vidonge na njoo wiki ijayo. Huyu ukimuuliza anaweka kalamu chini.

Alimwangalia Placida, akaridhika. Kisha akamgeukia Mbonimpa, akamvuta kope chini.

"Macho haya umeyapata lini?"

"Tangu ujana. Labda nilizaliwa nayo, sijui. Kioo tulikipata baadaye."

"Mwili unawasha?"

"Hauwashi."

"Mkojo una rangi gani?"

"Wa kawaida tu. Unataka kuuona?"

"Nitauona, usiwe na haraka. Jana umekula nini?"

Mbonimpa akaangalia sakafu. Alikuwa hajala tangu jana yake asubuhi, kwa hofu. Daktari akambonyeza tumbo upande wa ini, akaagiza damu itolewe, akampa amri moja ya ajabu: ale. Asubuhi, mchana na jioni, kila siku, mpaka wiki ijayo, kisha arudi apimwe tena. Na asinywe pombe kwa sasa.

"Dawa?" Mbonimpa akauliza.

"Dawa ni ndizi na maharage."

Wiki iliyofuata nami nilitakiwa kurudi na mtoto, kwa hiyo tulikuwa pamoja majibu yalipotoka. Mukantabana alikuwa amemlisha kama mtu anayenenepesha fahali. Macho yake yalikuwa yamepungua rangi, si kwisha, ila yale manjano makali yalikuwa yamerudi pembeni.

"Ini lako zima, mzee," Rwezaura akasema. "Halina ugonjwa. Hukumwambukiza huyu mtoto, na huwezi kumwambukiza mtu kwa mrija, kwa sahani, wala kwa kumpakata. Mtoto alizaliwa kabla kidogo ya wakati wake, ini lake lilikuwa bado changa. Inawatokea watoto wengi ambao hawajawahi kukuona."

Mbonimpa alikuwa ameshika kofia magotini, na niliona vidole vyake vinaizungusha, kisha vikaacha kuizungusha.

"Na yangu?" akauliza mwishowe.

"Yako umezaliwa nayo. Iko hivi. Chembe za damu zinazeeka kama sisi. Zikizeeka mwili unazivunja, na kwenye mabaki yake inatoka rangi, kwanza ya kijani, halafu ya manjano. Ini ndilo linaikusanya na kuitoa. Ini lako ni la mtu asiye na haraka. Linafanya kazi, lakini polepole, na ukikaa na njaa linachelewa zaidi. Ndiyo hayo macho."

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na nilikuwa napenda sayansi kuliko hesabu. Nikajikuta nimeuliza, "Daktari, kama ni mabaki, mbona mwili wa mtu mzima hauyatoi yote? Hata wenye macho meupe hawana kabisa?"

"Wanayo. Wewe unayo, mimi ninayo, kidogo." Akaweka kalamu chini. "Umeuliza walichojiuliza na wenzetu wa nje. Tuliposoma sisi tulifundishwa ni taka tu. Siku hizi wameanza kuandika mambo mengine. Wewe ukimenya ndizi ukaiacha kwenye ungo inakuwaje?"

"Inakuwa nyeusi."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Naiweka kwenye maji."

"Vizuri. Kinachoifanya iwe nyeusi ni hewa. Hewa hiihii tunayovuta. Bila hiyo tunakufa, lakini ikitumika mwilini inaacha cheche, na cheche zinaunguza kila zinachokigusa. Sasa ubongo ni mdogo, unaenea ndani ya kibuyu, lakini unakula hewa kama mgeni mlafi harusini. Kwa hiyo huko cheche ni nyingi. Na chembe za ubongo zina mafuta mafuta, zinaungua upesi, na zikifa si rahisi kupata nyingine. Mwili haukukaa bure. Unajitengenezea vitu vyake vya kuzizima, vingi tu, vingine vimo ndani ya hizo chembe zenyewe. Na kimojawapo, ndivyo wanavyosema sasa, ni hii rangi ya manjano. Cheche ikija, rangi inajitanguliza. Inaunguzwa yenyewe, inageuka kijani tena. Kisha mwili unaichukua ile ya kijani, unaifanya manjano, inarudi kazini."

Nje mtu alikuwa anaita jina la mgonjwa mwingine.

"Kwa hiyo inaonja kwanza," Mbonimpa akasema.

Rwezaura alimtazama. Ni Mhaya, hakuhitaji kufafanuliwa. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika.

"Inaonja kwanza, mzee. Tena inaonja na haifi."

Kisha akaacha kucheka, akainua kidole. "Lakini msitoke hapa mkaenda kutangaza kwamba Rwezaura amesema manjano ni dawa. Bado wanachunguza. Ikiwa kidogo ni mlinzi, ikizidi ni mwizi. Kwa mtoto mchanga ikizidi inaingia kwenye ubongo wenyewe na kuuharibu, mtoto anabaki kiziwi au hawezi kukaa maisha yake yote. Ndiyo sababu tulimweka huyu chini ya taa. Na mtu mzima ambaye macho yake yamebadilika jana na juzi, huyo ni mgonjwa, aje. Wewe ni wewe."

Alitaka kumwandikia cheti cha kuonyesha kwamba hana ugonjwa wa kuambukiza. Mbonimpa akakikataa kwa heshima.

"Nikitangulia na cheti, daktari, watasema kweli alikuwa anatibiwa."

Omurushaka tulishuka kwenye lori, akaninunulia chai na mandazi, na yeye akala mawili mbele yangu bila kuona haya. "Baba yangu hakujua," akasema akitafuna. "Alijua rubisi tu." Kisha akajifuta kwenye suruali, akaninyooshea mikono. Sikuelewa mara moja. Alikuwa anamtaka mtoto. Nikamfungua mgongoni nikampa. Akambeba njia nzima mpaka Igurwa, tukapita mbele ya kwa Costansia, na Costansia akasimama kwenye mlango na mwiko wa ugali mkononi.

"Mama Placida," akaniambia baadaye, "wewe huna woga."

"Daktari amesema haiambukizi."

"Daktari anakaa Igurwa?"

Nilimweleza yote niliyoyasikia, cheche na ndizi na rangi ya kijani. Alinisikiliza vizuri. Mwisho akasema, "Basi itakuwa hivyo," kwa ile sauti ya mtu anayekungoja uondoke.

Siku ya kwenda Kihanga ilipokaribia, Mbonimpa aliugeuza mtumbwi wake, akaumwagia maji, akaanza. Safari hii Mukantabana alimletea viazi vitamu na maharage hapohapo penye kazi. Alikula amesimama ndani ya ndizi, miguu imezama, sahani mkononi. Theoneste alikuwa anaogopa kupita kiasi.

"Baba, kwa nini usimwache baba mdogo aonje? Ni siku moja tu."

"Siku moja," Mbonimpa akajibu. "Halafu akizaliwa mjukuu wangu, nitamshika kwa mkono wa baba mdogo?"

Tulikwenda wengi, wanaume na vibuyu, sisi wanawake na vikapu vya ndizi na unga. Kwa Ndyamukama nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mpya. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukaulizana habari za mvua. Macho ya Mbonimpa hayakuwa makali kama zamani, lakini mtu anayetafuta angeyaona, na mle ndani wote walikuwa wanatafuta.

Mshenga akaweka kibuyu katikati. Ndyamukama akasema kwa upole, "Nani anaonja?"

"Mimi," Mbonimpa akasema. "Baba wa Theoneste bado yupo."

Akapiga goti, akaingiza mrija, akavuta, akameza. Akaufuta. Akamnyooshea Ndyamukama kwa mikono miwili.

Ndyamukama hakuupokea. Hakuukataa pia. Aliutazama tu. Mikono ya Mbonimpa ikabaki imenyooka. Kutoka chumba cha ndani, ambako bibi harusi husubiri, hakikusikika hata kikohozi. Theoneste alikuwa amefumba macho.

"Mkwe," Ndyamukama akasema, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini nina watoto. Tuambie hayo macho ni nini."

Nilidhani Mbonimpa ataanza habari ya cheche. Alifungua mdomo. Lakini Mukantabana alikuwa amekwisha kuinuka kutoka kwetu sisi wanawake, jambo ambalo halifanywi, akapita katikati ya miguu ya wanaume, akachuchumaa mbele ya Ndyamukama.

"Mkwe wangu, nisamehe," akasema. "Wewe unajua kununua ng'ombe?"

"Najua."

"Kabla ya kununua unamwangalia wapi?"

"Macho. Na meno."

"Basi niangalie. Huyu mtu nimekunywa naye mrija mmoja tangu kabla Theoneste hajazaliwa. Nimekula naye sahani moja. Nimelala naye kitanda kimoja, na kitanda chenyewe ni chembamba. Kama manjano yanahama, mimi sasa hivi ningekuwa ndizi mbivu. Alichoniambukiza ni kukoroma peke yake. Nivute kope. Hapa mlangoni, penye mwanga."

Mtu mmoja wa upande wao alipasuka kwa kicheko, akajizuia. Ndyamukama aliona haya, lakini ni mtu wa ng'ombe. Aliinuka, wakaenda mlangoni, akamvuta Mukantabana kope ya kushoto, kisha ya kulia, akaangalia kwa muda, kwa makini kabisa, kama mtu anayenunua kweli. Nyumba nzima ilikuwa imenyoosha shingo.

"Meupe," akasema.

"Na meno?" Mukantabana akamuuliza.

"Meno sikuulizwa."

Hapo kicheko hakikuzuilika tena. Ndyamukama akarudi mahali pake akitikisa kichwa, akakuta Mbonimpa bado amepiga goti, mrija bado umenyooshwa. Akaupokea. Akavuta mara moja, kwa uangalifu, akameza. Akatulia kama anayesikiliza kitu tumboni. Kisha akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Ni tamu," akasema. "Sijawahi kuinywa tamu hivi. Uliifanya nini?"

"Nilikula," Mbonimpa akajibu.

Kutoka ndani wanawake wakapiga vigelegele.

Harusi ilifungwa mwaka uleule. Na maneno, kama yalivyo, yakageuka yenyewe. Costansia ndiye aliyeyageuza, kwa bidii ileile. Alikuwa amekuwepo Kihanga, akaona, akarudi kisimani na habari mpya: kwamba Mbonimpa ana kinga ya ubongo ambayo hata wazungu wanaiandika vitabuni, na ndiyo maana hajawahi kukosea rubisi. Wazee wakaanza kugombea mrija wake. Mama mmoja akamleta mtoto wake asiyeshika hesabu, amguse tu kichwani. Mbonimpa alimwambia ampeleke kwa mwalimu. Mukantabana naye akawa anajisifia, kwamba ukoo wao una rangi ya dhahabu ndani ya damu. Mimi nilicheka nao. Ilikuwa afadhali kuliko ilivyokuwa.

Ilipofika msimu wa kuchuma kahawa wa mwaka uliofuata, tumbo la Kemirembe lilikuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno. Mchana mmoja nilikuwa jikoni namenya ndizi, Placida ameanza kusimama, ameshika ukingo wa beseni na kurusha maganda. Mbonimpa akaja. Safari hii hakusimama katikati ya ua. Aliingia, akaketi kwenye kigoda, akamwacha mtoto amvute ndevu.

"Shikamoo, baba. Kemirembe hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, anakaribia." Akaokota ganda moja, akalirudisha kwenye beseni. "Mama Placida, nimekuja na ombi, na nimekuja kwako kwa sababu nyumbani kwangu hawatanisikia."

Nikaweka kisu chini.

"Mtoto atazaliwa. Akizaliwa, kitu cha kwanza kila mtu atamtazama macho. Zamani wangemwona manjano wakakimbia. Sasa hawatakimbia. Watapiga vigelegele, waseme amechukua macho ya babu, ana kinga, mwacheni alale. Mukantabana ndiye atakayetangulia. Na Kemirembe ni mgeni, atanyamaza." Alimtoa Placida vidole kwenye ndevu zake taratibu, akavishika mkononi mwake. "Lakini wewe ulikuwepo daktari aliposema. Huyu wako ulimwona alivyokuwa anasinzia. Nakuomba uje. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, uje kama unaleta uji. Umtoe mtoto mlangoni penye mwanga, umwangalie macho na kifua na tumbo, uangalie kama ananyonya. Ukiona manjano yameshuka mpaka tumboni, usiniulize mimi, usimuulize bibi yake, usingoje Theoneste arudi kutoka shambani. Mwambie Polikarpi atoe baiskeli. Mbebe tu, mama. Mbebe twende."